Mpokeaji mpya amesajiliwa: jinsi ya kupima kama anaifaa timu yako ya NFL

Timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ikitangaza mpokeaji mpya (mchezaji anayekimbia mbele kudaka pasi), mabishano ya mashabiki hukimbilia swali moja: ni mkali au si mkali? Swali hilo halifiki mbali, kwa sababu kila aliyefika NFL anajua kudaka. Linalofaa kuulizwa ni hili: atasimama wapi uwanjani, atakimbia ruti (njia alizopangiwa) zipi, na kotabeki wetu, yaani mrushaji wa pasi, huwa anarusha mipira ya aina hiyo? Ukilijibu kwa ushahidi, umemaliza zaidi ya nusu ya mjadala. Umri, fedha na jina vifuate baadaye.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko New England. Mwaka 2007 Patriots walimchukua Randy Moss kutoka Oakland kwa chaguo moja la raundi ya nne la drafti, mgawo wa kila mwaka ambapo timu huchagua chipukizi kwa zamu, zilizofanya vibaya zikianza. Akadaka mipira 98, yadi 1,493 na tachidauni 23 (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), rekodi ya ligi kwa msimu mmoja. Mwaka 2011 timu ileile, ikiwa na kocha yuleyule Bill Belichick na kotabeki yuleyule Tom Brady, ikamleta Chad Johnson, wakati huo akiitwa Ochocinco, kutoka Cincinnati. Huyu alikuwa na misimu saba ya kupita yadi 1,000. Akamaliza mwaka na mipira 15 na yadi 276.

Kipaji peke yake hakielezi pengo hilo. Moss alipewa kazi aliyoifanya maisha yake yote: kusimama pembeni, kukimbia mbali na kuwavuta mabeki nyuma, huku Wes Welker, aliyeletwa mwaka huohuo kutoka Miami, akila mipira mifupi ya katikati (alidaka 112). Johnson aliingia kwenye mfumo ambao mpokeaji na kotabeki wote wawili husoma ulinzi baada ya mpira kuanza, na ruti hubadilika papo hapo kulingana na walichokiona. Ukisoma tofauti na mwenzako, mpira unatua mahali usipo. Isitoshe, mwaka ule wamiliki waliwafungia wachezaji nje ya vilabu hadi mwishoni mwa Julai, hivyo mazoezi ya masika hayakuwepo kabisa. Alihamia Julai 28, na Septemba ligi ikaanza.

Anza na mahali atakaposimama

Wapokeaji wa pembeni si kundi moja. Kanuni inataka wachezaji saba wa timu inayoshambulia wawe kwenye mstari ambapo mpira unaanzia. Kwa sababu hiyo mpokeaji mmoja, anayeitwa X, hulazimika kusimama mstarini, mara nyingi upande ambao hauna taiti endi (mchezaji wa kuzuia na kudaka anayesimama mwisho wa mstari), tena peke yake. Wa pili, Z, husimama hatua moja au mbili nyuma ya mstari upande wa pili. Wa tatu hukaa sloti, yaani kati ya mpokeaji wa pembeni na wale wanaume wakubwa wa mstari.

Tofauti hiyo ndogo ya hatua moja ina uzito mkubwa. Beki anaruhusiwa kumsukuma na kumzuia mpokeaji ndani ya yadi 5 za kwanza. Akiendelea kumshika baada ya hapo ni kosa la yadi 5 na dauni mpya ya kwanza (dauni ni jaribio moja kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10). X yuko usoni kwa beki, hana pa kukwepea, kwa hiyo ndiye anayebanwa zaidi. Z ana nafasi ya kupumua, tena anaweza kutembezwa kutoka upande mmoja hadi mwingine kabla mpira haujaanza. Wa sloti ana uwanja pande zote mbili, lakini hukutana na mabeki wa kati wenye miili mizito.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutafuta msimu uliopita alisimama wapi, kwa asilimia. Tovuti nyingi za takwimu huonyesha michezo ya pembeni na ya sloti. Kama mgeni wenu alicheza sloti asilimia 70 na sloti yenu ina mwenyewe anayefanya vizuri, mmoja wao atahamishwa. Ulizeni mapema ni nani. Timu zinazosema "wote wawili watacheza kila mahali" mara nyingi hazijaamua.

Halafu tazama hatua mbili za kwanza anapobanwa. Simamisha video mpira unapoanza, kisha isogeze polepole. Je, miguu yake inakwenda mbele au inakanyaga mahali pamoja? Anatumia mikono kuondoa mikono ya beki, au anasubiri kusukumwa? Akimaliza sekunde nzima bado yuko yadi mbili kutoka mstarini, hata awe na kasi gani, ruti imekwisha, kwa sababu kotabeki wa NFL kwa kawaida huachia mpira ndani ya sekunde mbili na nusu hadi tatu. Mchezaji wa namna hiyo anaweza kuwa Z mzuri sana na X mbovu kabisa. Mashabiki wengi humwona "ameisha" kumbe amewekwa mahali pasipo pake.

Ruti zake na mkono wa kotabeki wenu

Ruti za msingi zina namba, na zinafaa kukaririwa kwa sababu zitawapunguzia maneno. Namba shufwa huingia ndani ya uwanja, witiri hutoka nje. 1 ni fupi ya kuelekea pembeni. 2 hukata ndani kwa mshazari baada ya hatua chache. 3 huenda mbele kisha hurudi kuelekea mstari wa pembeni. 4 huenda na kugeuka kumtazama kotabeki. 5 hukata nje kwa pembe ya mraba, 6 hukata ndani vivyo hivyo. 7 huenda mbali kwenye kona, 8 huenda mbali kuelekea katikati ya magoli. 9 ni kunyoosha moja kwa moja.

Chukua kotabeki wenu kwanza, kabla hata ya kumtazama mgeni. Gawanya pasi zake za msimu uliopita katika makundi ya umbali: chini ya yadi 10, 10 hadi 19, na 20 kwenda juu. Kisha gawanya tena kwa kushoto, kati na kulia. Utapata visanduku tisa. Visanduku viwili au vitatu vitakuwa vimejaa, na kimoja au viwili vitakuwa vitupu. Sasa weka juu yake ruti ambazo mgeni alipatia yadi zake. Kama mavuno yake yalitoka kwenye 3 na 5, ruti zinazodai mkono wenye nguvu na mpira unaotoka kabla hajageuka, na kotabeki wenu hukwepa kurusha nje ya namba zilizochorwa uwanjani, yaani karibu na mstari wa pembeni, hapo kuna tatizo ambalo mazoezi ya wiki mbili hayatalitibu.

Mpokeaji Tyreek Hill alipouzwa kutoka Kansas City kwenda Miami mwaka 2022 kwa machaguo matano ya drafti, wengi walisema bila kotabeki Patrick Mahomes atapotea. Hoja yao ilikuwa kwamba Tua Tagovailoa, kotabeki wa Miami wakati huo, hana mkono kama ule. Kweli hana. Ila Tua huachia mpira mapema na kwa usahihi katikati ya uwanja, na kocha Mike McDaniel alimtembeza Hill kabla ya mpira kuanza ili afike mstarini akiwa tayari ana mwendo, bila kuguswa. Hill alidaka mipira 119 kwa yadi 1,710 mwaka huo, na mwaka uliofuata 119 tena kwa yadi 1,799. Waliokosea walilinganisha mikono ya makotabeki wawili. Walipaswa kulinganisha ruti na mahali mpira unapotua.

Upande wa pili yuko Kenny Golladay. Mwaka 2019 akiwa Detroit aliongoza ligi kwa tachidauni 11 za kupokea, na sifa yake kubwa ilikuwa kushinda mipira ya kugombania angani. Mwaka 2020 alicheza mechi 5 tu kwa majeraha. New York Giants wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Katika misimu miwili alipata mipira 43, yadi 602 na tachidauni moja. Mpokeaji wa mipira ya kugombania anahitaji kotabeki mwenye ujasiri wa kurusha kwa mtu aliyebanwa, na mstari wa mbele unaompa muda wa kufanya hivyo. New York haikuwa na uhakika wa lolote kati ya hayo. Ukimwona mgeni wa aina hii, mjadala uanzie kwa walinzi wa kotabeki wenu, si kwake.

Namba zinazosaidia na zinazodanganya

Jumla ya yadi ndiyo namba inayotajwa sana na inayosema kidogo. Tangu 2021 msimu una mechi 17, hivyo yadi 1,000 ni wastani wa yadi 59 tu kwa mechi. Mtu anaweza kuzifikisha kwa sababu timu yake ilikuwa nyuma kila wiki na kulazimika kurusha.

Tumia yadi kwa kila ruti. Chukua yadi zake zote, gawanya kwa idadi ya ruti alizokimbia. Yadi 900 kwa ruti 450 ni 2.0, na hicho ni kiwango cha mpokeaji mzuri wa kutegemewa. Chini ya 1.0 ni dalili mbaya, isipokuwa kwa chipukizi. Namba hii haimpi mtu sifa kwa kukaa tu uwanjani.

Pili, sehemu ya pasi alizolengwa, yaani zilizorushwa kuelekea kwake. Kama timu ilirusha 550 na yeye akalengwa 120, ni karibu asilimia 22. Anayefikia 25 ni mpokeaji namba moja wa timu. Hapa angalia alikuwa anashindana na nani. Asilimia 22 mbele ya mwenzake nyota ina thamani kuliko 26 kwenye timu isiyo na mtu mwingine.

Tatu, wastani wa umbali wa pasi anazorushiwa. Chini ya yadi 8 ni mtu wa mipira mifupi, 10 hadi 12 ni wa kati, zaidi ya 14 ni wa mbali. Namba hii haionyeshi ubora. Inaonyesha kazi yake. Mkiwa tayari na wawili wa yadi 14, wa tatu wa aina hiyo hawasaidii.

Kuna takwimu moja inayozua ubishi bure: umbali kati ya mpokeaji na beki mpira unapofika. Watu huitumia kusema fulani "hajitengi". Lakini wa sloti na wa ruti fupi daima huwa na nafasi kubwa, na X anayebanwa kila mchezo huwa na nafasi ndogo hata akiwa hodari. Mlinganishe na X wenzake tu. Na mipira aliyoangusha isiwatie homa: tofauti ya 4 na 8 kwa msimu mzima inaweza kuwa bahati. Angalia misimu mitatu kwa pamoja, na kama inajirudia ndipo muwe na wasiwasi.

Kumtazama kwa macho

Video fupi za matukio bora hazifai kwa kazi hii. Zimekatwa ili zikufurahishe. Hata picha ya kawaida ya televisheni hufuata mpira, na wapokeaji hutoka nje ya skrini sekunde moja baada ya mpira kuanza. Inayohitajika ni picha ya makocha, ile inayoonyesha wachezaji wote 22 kutoka juu. NFL yenyewe huiuza kwa wanachama wa huduma yake ya malipo. Kwa aliye Nairobi au Dar es Salaam hii ina faida nyingine: mechi za saa 7 mchana za New York huanza saa 2 usiku kwetu, na saa 3 usiku baada ya Wamarekani kurudisha saa nyuma mwezi Novemba, kwa hiyo mechi za jioni kule zinaangukia alfajiri. Marudio yanatosha. Kwa kweli ni bora kuliko moja kwa moja, kwa sababu unaweza kurudisha nyuma.

Usitazame mechi 17. Chagua tatu: moja dhidi ya timu inayocheza ulinzi wa mtu kwa mtu, moja dhidi ya timu ya ulinzi wa kanda (kila beki hulinda eneo lake, si mtu), na moja aliyofanya vibaya. Katika kila moja tazama dauni zote za tatu na michezo yote ndani ya yadi 20 za mwisho, kwa kuwa hapo ndipo ulinzi hubana na nafasi hupungua. Dhidi ya kanda, tazama kama anajua kusimama kwenye pengo. Wengi hukimbia hadi kujipeleka wenyewe kwa beki wa pili. Dhidi ya mtu kwa mtu, tazama kiuno na mabega anapokata. Akiinuka mabega hatua mbili kabla ya kukata, beki anajua kinachokuja. Anayebaki chini mpaka mwisho ndiye anayejitenga.

Tazama pia michezo ambayo mpira hauendi kwake. Je, anakimbia ruti kamili au anatembea? Timu ikikimbia na mpira, anamzuia beki wake? Kwa timu inayotegemea mikimbio, mpokeaji asiyezuia hutolewa uwanjani, na akitolewa ulinzi unajua mkimbio unakuja. Hili husahaulika sana kwenye mijadala, ilhali makocha hulipa uzito mkubwa.

Gharama, na nani anapunguziwa mipira

Bei ina sehemu mbili: machaguo ya drafti na mkataba. Kwenye machaguo, kumbuka kuwa thamani yake hupanda mkifungwa. Chicago Bears walitoa chaguo lao la raundi ya pili kumpata Chase Claypool Novemba 2022, wakamaliza na ushindi 3 na vipigo 14, na chaguo hilo likageuka kuwa la 32, la kwanza kabisa katika raundi ya pili. Claypool aliwapa mipira 14 na yadi 140 msimu huo. Ila si kila biashara ina aliyeibiwa. Buffalo walipompata Stefon Diggs mwaka 2020, kifurushi chao kilikuwa na chaguo la 22. Diggs akaongoza ligi kwa mipira 127 na yadi 1,535. Minnesota wakatumia lile la 22 kumchukua Justin Jefferson.

Kwenye mkataba, tafuta fedha zenye dhamana na uachane na jumla inayotangazwa. Miaka ya mwisho mara nyingi hujazwa namba kubwa zisizo na dhamana ili jumla ipendeze. Bonasi ya kusaini hugawanywa kwenye kikomo cha mishahara kwa miaka isiyozidi mitano: milioni 20 kwa miaka mitano ni milioni 4 kila mwaka. Mkimwachia baada ya miaka miwili, milioni 12 zilizobaki zinaangukia vitabu vyenu. Buffalo walipomhamisha Diggs kwenda Houston mwaka 2024, zaidi ya dola milioni 31 zilibaki kwenye kikomo chao kwa mtu asiyekuwepo. Basi swali la kuuliza ni: tunaweza kuachana naye mwaka gani bila kuumia?

Kuhusu mipira, msimu una pasi chache kuliko matumaini ya mashabiki. Mgeni akichukua 130, zimetoka kwa watu. Lakini kupunguziwa walinzi kunaweza kumfaidi mwenzake kuliko kupunguziwa mipira. Philadelphia walimleta A.J. Brown usiku wa drafti ya 2022, na katika mechi ya kwanza kule Detroit alidaka 10 kwa yadi 155, huku DeVonta Smith akitoka bila mpira hata mmoja. Wiki ile wengi walisema Smith amezikwa. Alimaliza mwaka na 95 kwa yadi 1,196, kutoka 64 kwa 916 za mwaka uliotangulia.

Wakati anaofika

Anayefika Machi hupata mazoezi ya masika na kambi ya Julai na Agosti. Anayefika katikati ya msimu hujifunza sehemu ndogo ya mipango kila wiki. Amari Cooper amepitia pande zote mbili za hali hii. Oktoba 2018 alikwenda Dallas ikiwa na ushindi 3 na vipigo 4. Timu ilikuwa na wiki ya mapumziko, hivyo alipata wiki mbili za kujifunza kabla ya mechi yake ya kwanza. Alidaka 53 kwa yadi 725 katika mechi 9, na timu ikamaliza na ushindi 10 na vipigo 6. Oktoba 2024 alikwenda Buffalo, akacheza siku tano baadaye, akaumia kifundo cha mkono, na akaishia na mipira 20. Kabla ya kutabiri, angalieni kalenda: wiki ya mapumziko iko wapi?

Na hata mgeni akifaa kikamilifu, timu inaweza isipone. Davante Adams alikwenda Jets Oktoba 2024 kuungana na Aaron Rodgers, kotabeki aliyemjua kwa miaka mingi. Alipata yadi 854 na tachidauni 7 katika mechi 11. Jets wakamaliza na ushindi 5 na vipigo 12.

Jinsi ya kusoma wiki za kwanza

Andikeni utabiri kabla ya mechi ya kwanza: asilimia ya ruti atakazokimbia, asilimia ya pasi atakazolengwa, na atasimama wapi. Uangalieni baada ya wiki ya 4 na ya 8, si kila Jumatatu.

Namba zikiwa chini, tafuteni kizuizi kiko hatua gani. Kama ruti zenyewe ni chache, yaani yuko uwanjani chini ya nusu ya michezo ya pasi, shida iko kwa kocha, kwa jeraha au kwa mpango wa mchezo asioujua bado. Kumlaumu kwa yadi ni kumwonea. Kama anakimbia ruti nyingi lakini halengwi, rudini kwenye picha ya juu: akiwa wazi na mpira unakwenda kwingine, ni kotabeki au ni mstari wa mbele unaovunjika mapema, akiwa hajawa wazi, angalieni kwanza kama amewekwa X wakati alikuwa Z. Kama analengwa sana na hadaki, tenganisheni pasi zilizokwenda vibaya, zilizoangushwa, na zile ambazo mpira ulitua upande mmoja naye akakata upande mwingine. Za kundi hili la mwisho hupungua kadiri wiki zinavyosonga ikiwa wawili hao wanazoeana. Zikiwa bado nyingi wiki ya 8, mtaona kocha ameanza kumpa ruti tatu tu: 4, 9 na 1.